Namba za Mama Mkwe

Mwanyumba wangu aliingia Kisangani akiwa juu ya lori la vitunguu. Huyu ni mume wa dada yake mke wangu, daktari wa kusoma picha za eksirei, mtu ambaye huko Goma alikuwa na kiti cha ngozi cha kuzunguka na alikuwa akirudisha kahawa jikoni ikiwa imepoa. Sasa alishuka kwenye magunia kinyumenyume, makalio mbele, kama mtu anayeshuka mchikichi kwa mara ya kwanza. Mke wake alishuka baada yake, mara moja tu, na ndiye aliyebeba mabegi yote mawili.

Vita vilikuwa vimeuchukua mji wao. Walitoka kwa miguu, wakapanda pikipiki, wakapanda lori, wakakwama Bafwasende mpaka matope yalipochoka nao. Njiani watu wenye bunduki walikuwa wakichukua simu nzuri, kwa hiyo daktari aliiacha yake Goma, kwa mama mkwe wetu, akatembea na kisimu cha tochi. Ninataja jambo hilo la simu kwa sababu ndilo lililotusumbua miezi yote iliyofuata.

Waliishi kwetu. Daktari ni mtoto wa Opala, mkoa wetu huu, amelelewa kwa lituma na samaki wa Lomami, lakini miaka ya Goma ilikuwa imemharibu. Siku ya kwanza mke wangu alimwekea lituma, ndizi zimetwangwa vizuri, na samaki wa kuchoma ndani ya majani. Daktari aliitazama sahani kama picha ya mgonjwa asiye na matumaini.

"Hamuna viazi?" aliuliza.

"Viazi iko Goma," mke wangu alimjibu. "Lori yako ingali sokoni."

Alikula. Akaongezewa, akala tena. Lakini hakuwa mtu wa kukaa bure. Asubuhi alizunguka uani akiwa amevaa pajama, akiwapima kuku kwa macho, akimwambia kila jirani aliyepita kwamba anachechemea vibaya. Hospitali za mjini zilimwambia arudi baada ya muda, kwamba mashine yao imeharibika, kwamba fundi yuko njiani. Wiki zikapita na fundi akaendelea kuwa njiani. Mimi nilianza kumchukua dukani kwangu ili nyumba ipumue.

Duka langu ni la kazi za ofisi: ninapiga chapa, ninatoa nakala, ninatia vitambulisho plastiki, ninatengeneza kadi za harusi na programu za mazishi. Nikiri kwamba vita vilinipa kazi. Watu walikuwa wakioana haraka haraka kabla ya kukimbia, na wengine walikuwa wakifa kabla ya kuoana, na kila mmoja alihitaji karatasi yenye maua pembeni. Kwa hiyo nilikuwa na sahani za umeme wa jua juu ya bati, antena ya intaneti iliyokuwa ikifanya kazi mvua isiponyesha, na skrini moja kubwa sana niliyoinunua ili mabibi arusi waone uso wao vizuri kabla sijauchapa. Daktari aliipenda skrini ile kuliko alivyonipenda mimi.

Siku moja kisimu chake cha tochi kililia. Alikuwa ni mtawa wa hospitali yao, yule anayesimamia kompyuta zote. Sisi kwetu mtawa tunamwita masere. Sikuwahi kumwona kwa macho, lakini nilimsikia vya kutosha. Nadhani aliingia utawa kwa sababu jeshi lilichelewa kumwita.

Masere alieleza kwamba hospitali ilikuwa imejaa majeruhi, mashine ya eksirei ilikuwa nzima, picha zilikuwa zinapigwa kutwa, lakini wa kuzisoma hayupo. Wawili walikimbia na mmoja ndiye huyu aliyekuwa akipima kuku wangu. Picha zilikaa ndani ya kompyuta ya hospitali, katika mtandao wao wa ndani ambao mtu wa nje hauoni kabisa. Sasa yeye alikuwa ametengeneza mlango. Daktari angefungua kivinjari cha kawaida, hichohicho cha kusomea habari za mpira, angeandika anwani, angeona kufuli dogo, angetoa neno lake la siri, kisha namba sita ambazo zingetumwa kwenye simu yake. Namba zikikubalika, skrini ya ofisi yake ya Goma ingejitokeza ndani ya kivinjari, na yeye angesoma picha kama vile amekaa kwenye kiti chake cha ngozi. Hakuna kitu ambacho kingebaki kwenye kompyuta yangu. Akifunga, yamekwisha.

"Masere, uko malaika," daktari alisema. "Fungua hiyo mlango leo."

"Imefunguka tayari. Namba zinaenda kwa simu yako."

"Simu gani?"

"Ile tuliandikaka. Ile ya siku zote."

Daktari alikaa. Simu ya siku zote ilikuwa Goma, juu ya kabati la mama mkwe.

"Masere, badilisha namba. Weka hii ya hapa Kisangani."

"Kubadilisha namba, mutu anakuya mwenyewe, anasimama mbele yangu, anatia sahihi."

"Lakini masere, katikati yetu kuna vita."

"Ninaiona kwa dirisha."

"Alors nitakuya namna gani?"

"Hiyo si swali ya kompyuta."

Alijaribu kumshawishi kwa video. Akamwambia atamwona uso wake wote, hata meno. Masere akajibu kwamba uso atauona, lakini mtu aliyesimama nyuma ya kamera na bunduki hatamwona. Hapo nilimkubali, kwa sababu alisema kweli. Wenye bunduki walikuwa na hamu kubwa ya kujua nani amelazwa hospitalini na ana risasi ya aina gani mwilini. Orodha ya wagonjwa ilikuwa ndani humo pamoja na picha zao. Masere alikuwa akilinda kitu, si kwamba alikuwa mkaidi tu. Mkaidi alikuwa pia.

Basi ikabaki njia moja, nayo ilikuwa mbaya kuliko lori la vitunguu. Daktari na mama mkwe walikuwa hawasemezani.

Ni lazima nimweleze mama mkwe wetu. Ni mjane wa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa kupiga magoti kwenye sakafu bila mkeka, aliyehamia Goma zamani na kuuza vitambaa mpaka miguu ilipokataa. Alikuwa na mabinti wawili na aliwaombea waume wawili Wanande kama yeye, Wakatoliki, wenye maduka. Mungu alimletea mimi, Mwislamu wa familia za zamani za Kisangani, na mtu wa Opala. Mimi alinizoea kwa sababu nilikuwa mbali. Mtu wa Opala alikuwa karibu, akamwona kila Jumapili, na hilo halikusaidia. Vita vilipofika, mabinti walimwomba akimbie nao. Akasema amekimbia mara mbili katika maisha yake na mara zote mbili alirudi akakuta sufuria zimeibwa. Safari hii atakaa na sufuria zake.

Mchana ule tulisimama wote dukani: daktari, wake zetu wawili, na mimi kwenye kibodi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kupigiwa na masere na kuelezwa kazi yake. Alitakiwa kuishika simu ya daktari kwa mkono mmoja na kupokea mwito kwenye simu yake mwenyewe kwa mkono wa pili, na namba asimsomee mtu mwingine yeyote, ila sauti ya daktari tu. Daktari aliandika neno lake la siri. Skrini ikasema namba zimetumwa na zitakufa baada ya muda mfupi. Akapiga.

"Allô? Mama?"

"Ni nani?"

"Ni mimi, docteur."

"Docteur gani? Badocteur ni bengi."

"Docteur, mukwe yako."

"Niko na bakwe mbili. Moja ni musilamu. Ingine hatusemeshane."

"Mama, njo mimi. Ule hamusemeshane."

Tulimsikia akipumua. Kisha akasema, polepole sana, "Kama ni weye kweli, sema. Mugongo yangu ulisemaka iko na nini?"

Daktari alitutazama. Mke wake akaangalia dari. Hapo ndipo nilipoijua sababu ya ugomvi wao, kwa maana mke wangu alikuwa amenificha. Miaka ya nyuma mama mkwe alikwenda hospitalini kwake akilalamika mgongo. Akapigwa picha. Daktari akaitazama mbele ya shemeji, binamu na nusu ya kwaya ya parokia waliokuwa wamemsindikiza, akatoa hukumu.

"Nilisema hakuna kitu," daktari alinong'ona.

"Sisikie."

"Nilisema hakuna kitu!"

"Na kisha?"

"Mama, namba itakufa."

"Na kisha ulisema nini?"

"Nilisema ni mafuta tu."

"Ni yeye," mama mkwe akamwambia mtu aliyekuwa pembeni yake. "Nipe miwani."

Miwani ilipopatikana namba zilikuwa zimekufa. Tukaomba nyingine. Alizisoma: ine, ine tena, halafu akasimama kwenye ya tatu kwa sababu hakujua kama ni kenda au ni sita iliyogeuka. "Geuza simu, mama!" daktari alipiga kelele. "Simu njo imegeuka ama miye?" mama akauliza. Zikafa. Safari ya tatu alizisoma zote sita kwa mkupuo, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani, nami nikaziandika haraka kana kwamba kibodi italipuka.

Skrini ikageuka nyeupe. Kisha, katika duka langu, kati ya mashine ya nakala na ukuta wenye mifano ya kadi za harusi, ukatokea ubavu wa mtu.

Sikuwa nimejiandaa. Ulikuwa mkubwa na mweupe, karibu ujae skrini, na katikati yake paliwekwa kitu kama punje ya haragwe kisichostahili kuwa pale. Wake zetu walitoka nje. Daktari alivuta kiti, akaweka viwiko mezani, na kwa mara ya kwanza tangu aliposhuka kwenye lori hakulalamikia chochote. Alisogeza picha juu, chini, akaikuza, akaanza kuandika. Akamaliza, akafungua nyingine. Mchana ule alisoma mpaka jua lilipoanza kupungua kwenye sahani na mimi nikamwomba aache, kwa kuwa nilikuwa na mazishi ya kesho yanayosubiri maua.

Ikawa ndiyo kazi yake. Nilifunga kitenge cha mke wangu kwenye kamba kugawanya duka, wateja huku, mifupa kule, ili asionekane mgonjwa wala jina. Masere alikuwa amepanga mambo kwa namna ya kuudhi. Daktari akienda haja na kuchelewa, mlango ulijifunga wenyewe na ilibidi mama mkwe apigiwe tena. Daktari alikatazwa kutunza picha. Alikatazwa kunakili hata neno moja.

Siku moja, daktari akiwa nje ananunua karanga, nilibonyeza kitufe cha kupiga chapa. Sikuwa na nia mbaya. Mimi hubonyeza kitufe kile kama wengine wanavyojikuna. Printa haikutoa kitu. Lakini kisimu cha tochi mezani kikalia.

"Nani amebonyeza?" masere aliuliza bila salamu.

"Ni mimi, masere. Mkono uliteleza."

"Mukono iteleze tena, nitafunga mulango na docteur arudie vitunguu."

Sijui nani alimwambia habari za vitunguu. Nilihamisha printa upande wa wateja.

Mama mkwe naye aliingia kazini kwa bidii iliyotutisha. Asubuhi hakusubiri apigiwe. Alipiga mwenyewe kuuliza kwa nini daktari amechelewa, kama amelala, kama Kisangani watu hawana saa. Kwanza salamu, kwa Kinande, lugha ambayo daktari aliitamka kama mtu mwenye mfupa wa samaki kooni, na mama akamrudisha mpaka aipatie. Kisha habari za mabinti, mmoja mmoja. Kisha habari za mtaa wake: nani amerudi, nani amechukuliwa, kwamba chumvi imekuwa shida, kwamba vijana wenye bunduki wamepanga nyumba ya jirani na mmoja wao anaimba vizuri, ni hasara. Namba zilikuja mwisho kabisa. Nilijifunza kutobonyeza ombi la namba mpaka wafike kwenye chumvi.

Mtandao kwake ulikuwa mbaya. Ulishika vizuri mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, kwenye lundo la mawe meusi ya volkano yaliyobaki ukuta wa uzio ulipojengwa. Kila mara sauti ilipokatika daktari alimwambia, "Panda kidogo, mama," naye akapanda. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba tunampandisha mwanamke wa umri ule juu ya mawe kila siku iendayo kwa Mungu. Tulikuwa tukiwaza namba.

Ile asubuhi mvua ilikuwa imenyesha kwao. Salamu zilipita, habari zilipita. "Panda kidogo, mama." Tukamsikia akihema.

"Andika," alisema. "Tatu. Sita. Mbili..."

Kisha kishindo, kama sinia lililoanguka, na sauti fupi ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Daktari alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. "Mama? Mama! Mbili na nini?"

Mungu amsamehe, ndicho alichouliza. Aliuliza mara mbili. Halafu uso wake ukabadilika, akaiweka simu mezani taratibu kana kwamba ndiyo iliyovunjika.

Tulipiga na kupiga. Simu yake iliita bila kupokelewa, kisha ikaacha kuita. Wake zetu walikuja dukani mbio, wakalia kwa sauti mpaka wateja wakadhani kuna mazishi na mmoja akaniuliza kama programu yake itachelewa. Daktari hakulia. Alikaa nyuma ya kitenge mbele ya skrini iliyomwambia kwamba muda wake umekwisha ajaribu tena, na hakujaribu.

Mchana masere alipiga.

"Mama yenu iko hapa, kwa chariot. Majirani balimuleta. Ameanguka."

"Amevunjika wapi?" daktari aliuliza.

"Donc njo tunakungoja utuambie."

Picha ilikuwa imepigwa. Daktari wa upasuaji aliyebaki alikuwa mgeni kazini, mikono yake mizuri lakini hakutaka kukata paja la mama wa watu bila mtu wa picha kumwambia mfupa umekaaje. Mwanyumba wangu akaandika neno la siri. Akakosea. Akaandika tena. Namba zikatumwa kwenda kwenye simu yake ya siku zote, na simu hiyo, masere alituambia, ilikuwa ndani ya ngumi ya mama mkwe juu ya ile chariot, kitanda cha magurudumu. Wauguzi walishindwa kuichukua.

"Hata miye amenikatalia," masere alisema, na sauti yake ilikaribia kabisa kufurahi. Akaweka simu yake mdomoni kwa mama.

"Mama, ni mimi," daktari alisema.

Tulisikia pumzi tu, na mahali fulani nyuma mtoto analia.

"Salimia kwanza," mama mkwe alisema.

Akamsalimia kwa Kinande. Aliikosea kama kawaida. Mama hakumrudisha.

"Batoto yangu biko wapi?"

"Biko hapa pembeni, mama. Binalia."

"Biache kulia, sikufa. Andika."

Alizisoma moja moja, akipumzika kila baada ya namba kama mtu anayepanda ngazi, na sisi tukitazama muda ukiyeyuka pembeni ya skrini. Ya mwisho ilikuwa saba. Aliisema, kisha akaguna, na mlango ukafunguka.

Nimeona picha nyingi kwenye skrini ile lakini hiyo ndiyo ninayoiona hadi leo. Nyonga yake, weupe wa mawingu, na pale shingo ya mfupa wa paja inapoingia kwenye kikombe chake palikuwa na mstari mweusi uliopinda. Juu ya mfupa, kwenye kivuli cha kiuno, palionekana pini ya kufungia sketi ambayo hakuna aliyethubutu kumvua. Mke wangu aliuliza, "Ni mubaya?" Daktari aliinua kiganja, asisemeshwe. Akaikuza. Akamwomba masere picha ya upande wa pili, ikaja. Akaangalia zote mbili kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza.

Kisha akaongea na yule daktari wa upasuaji kwa Kifaransa, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani kwangu, sauti isiyokuwa na malalamiko hata kidogo. Alimwambia mfupa haujahama sana. Alimwambia skrubu zitashika, zile fupi zilizobaki kwenye kabati fulani ambalo alilielekeza kwa kukumbuka, na kwamba afanye leoleo, asimwache mama alale na uzito umefungwa mguuni kwa wiki na wiki, atapata maji mapafuni. Yule akasema ndiyo, docteur, ndiyo, docteur.

Daktari akaanza kuandika ripoti. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alipomaliza mambo ya nyonga, mkono wake ukasita. Akasogeza picha kidogo juu, pale uti wa mgongo unapoonekana ukiingia ndani ya nyonga. Akaikuza, akaitazama pingili moja, nyingine, nyingine. Kisha akaandika sentensi moja zaidi. Nikaisoma juu ya bega lake: *Sehemu ya chini ya uti wa mgongo inayoonekana: hakuna kitu.*

"Futa hiyo," nilimwambia.

"Ni ripoti. Mutu anaandika yenye anaona."

"Docteur, iko mama yetu. Futa."

"Siwezi kufuta uti wa mgongo."

Mke wake alikuwa amekuja, akasoma. Alimpiga kofi shingoni, kofi la kweli, lililosikika upande wa wateja. Halafu akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, akamshikilia kichwa, na mke wangu naye akacheka, na mimi pia, na daktari peke yake alibaki na uso wa kazi, akabonyeza kutuma.

Alipasuliwa jioni hiyo. Skrubu zilishika. Tulijua kwamba amepona siku mama mkwe alipopiga mwenyewe kutoka wodini, saa ya asubuhi ya kazi.

"Nimesikia uliangalia tena mugongo yangu," alisema.

"Niliangalia, mama."

"Na kisha?"

"Hakuna kitu."

Nilifumba macho.

"Na mafuta?"

Niliona daktari akikuna meza kwa ukucha. "Mafuta haiko tena, mama," alisema. "Niliangalia. Imeisha." Hakuwa anatania. Katika picha ile nyama nayo huacha kivuli, na yeye aliijua picha ya zamani.

"Njo vita," mama mkwe alisema. "Andika namba."

Akiwa kitandani kazi ilikwenda vizuri kuliko zamani, kwa kuwa wodi ilikuwa na mtandao. Wanawake waliolazwa naye walijifunza saa za daktari. Walimsalimia kwa pamoja, kama kwaya, na mmoja aliyekuwa na mkono kwenye plasta alidai asikie sauti yake kabla hajakubali kwamba picha yake imesomwa na mtu mzima. Masere alilalamika kwamba usalama umekuwa soko. Baadaye, labda kwa kuchoka, alimwambia daktari kwamba amefikiri, na kwamba kwa hali ya sasa anaweza kuipokea namba ya Kisangani, mradi mama mkwe athibitishe mbele yake kwamba ni yeye. Daktari akampelekea mama habari hiyo njema.

"Donc unanifukuza kazi," mama mkwe alisema.

"Mama, hapana, ni kwa kukusaidia, mguu wako..."

"Namba sisomake na muguu."

Namba ikabaki palepale.

Kazi ilikwisha kama kazi nyingi zinavyokwisha, bila sherehe. Hospitali ilipata madaktari wawili wa picha kutoka nje, watu wa misaada. Asubuhi moja daktari aliandika neno lake la siri na skrini ikamjibu kwamba jina hilo halijulikani. Alipompigia masere, yule alisema, "Tumefuta jina yako. Usijaribu kuingia tena, itapiga kengele." Kisha, baada ya kukohoa, akaongeza kwamba kuna watu wanaotembea Goma leo ambao wangekuwa chini ya udongo. Akakata kabla hajashukuriwa. Daktari alikaa nyuma ya kitenge siku mbili tatu akisoma habari za mpira. Mama mkwe aliendelea kupiga asubuhi. Hawakuwa na namba tena, kwa hiyo walibishana kuhusu namna ya kutembea na fimbo. Aliishika kwa mkono usiofaa, daktari alisema. Mama akasema mkono ni wake.

Kilichobaki ni sifa mbaya ya duka langu. Pamoja na kitenge na tahadhari zote za masere, mji ulikuwa umesikia kwamba kwangu kuna kompyuta inayoona mifupa. Watu walianza kuja. Mmoja alikanyaga mwiba, mwingine aliangukiwa na baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, na mzee mmoja aliegemeza bega lake kwenye skrini yangu kabla sijawahi kumsalimia. Niliwafukuza kwa adabu. Niliwaeleza kwamba kompyuta haioni kitu, kwamba picha zilikuwa zinapigwa mbali na kuja kwa kivinjari. Walinitazama kama mtu anayetaka kula peke yake.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Lubunga. Alikuwa amevuka mto kwa pirogi akiwa na goti lililovimba kama papai, akiongozwa na binti yake, na alikataa katakata kuondoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kulielekeza goti kwenye skrini. Nilikuwa katikati ya kadi ya harusi. Bwana na bibi wa Jumamosi ile walikuwa wamejaa pale, wakitabasamu. Nilianza kueleza upya habari ya kivinjari. Kitenge kikafunguka, daktari akatoka, akaliona goti.

Nilidhani atalalamika. Alipiga magoti sakafuni kwenye vipande vya karatasi, suruali yake safi yote, akalishika goti kwa mikono miwili na kuanza kubonyeza pembeni.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Aïe!"

"Bon. Tangu lini?"

Mama alikuwa hamsikilizi. Alikuwa ameinua shingo, anamchunguza bwana arusi na bibi arusi kwenye skrini, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Docteur," aliuliza, "mufupa yangu ni gani hapo?"

Daktari hakuinua kichwa.

"Ule wa kushoto," alisema. "Nyoosha muguu."